Chini ya Kichwa cha Kufuta

Kazi hiyo niliikubali kwa sababu ilionekana ndogo. Chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, chenye vituo vya kukusanyia maziwa katika vijiji kadhaa nje ya Eldoret, kilikuwa kimeamua kuachana na madaftari na kutumia programu ya kompyuta. Wanachama walidai programu hiyo iwe ya Kiswahili. Mimi nilikuwa nimestaafu baada ya miaka mingi ya kufundisha lugha na kusoma hati za kale, na mtu mmoja chamani alikumbuka kwamba niliwahi kumfundisha. Nilitakiwa kuandika maneno ya menyu, yaani vichwa vichache vya juu, na chini ya kila kichwa orodha ya mambo ambayo karani wa kituo angeweza kuyafanya kwa kugusa skrini. Maneno yote hayakujaza kurasa mbili.

Nilidhani ningeyamaliza kwa wiki moja. Yalinichukua miezi miwili, na baadhi yake ningali nayaandika upya kichwani ninapotembea jioni hapa mtaani Kapsoya.

Aliyeiunda programu alikuwa mwanamke kijana aliyeishi Yamumbi, binti wa wazazi waliohamia kutoka upande wa ziwa. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wageni. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, na sababu yangu haikuwa na heshima yoyote: alijibu maswali upesi mno. Katika kazi niliyoizoea, mtu anayejibu kabla swali halijatua ama amelijua jibu kwa muda mrefu ama hajalisikia swali.

Siku moja alinionyesha menyu ikiwa imekamilika nusu. Baadhi ya maneno yangu yalikuwa meusi, na mengine yalikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kama maandishi yaliyoachwa juani.

"Kwa nini neno hili limefifia?" nikamuuliza.

"Hiyo haifanyi kazi kwa sasa, Mwalimu. Mpaka mambo fulani yatimie."

"Basi liondoe. Likianza kufanya kazi, lirudishe."

Alicheka kidogo. "Nikiiondoa, karani wa kituo cha Sugoi ataona menyu yake ni fupi, na wa kule kwingine ataona yake ni ndefu. Watapigiana simu. Kesho utasikia ati kuna kituo kimenyimwa. Afadhali waione yote, hata kama haifunguki."

Hoja hiyo ilinishinda, kwa maana niliwajua watu wetu na niliijua nafsi yangu. Kitu kilichofichwa huzua maneno kuliko kitu kilichofungwa. Lakini sikutaka kushindwa moja kwa moja.

"Na sababu je?"

"Sababu gani?"

"Ya kufifia. Mtu ataijuaje?"

Akaweka kiganja chake juu ya kishikwambi, ile kompyuta bapa ambayo makarani wangepewa, kunionyesha udogo wa skrini. "Hakuna nafasi, Mwalimu. Mtu akiona kijivu anajua asiguse."

"Anajua asiguse. Hajui kwa nini asiguse."

"Si atauliza."

Nililiacha hapo. Nilipaswa kusema kwamba mtu hawezi kuuliza bila kuwa na wa kumuuliza, na kwamba wa kumuuliza mara nyingi ndiye anayeshukiwa. Sikusema, kwa kuwa fikira yangu ilikuwa imezama katika jambo jingine, nililoliona kuwa kubwa zaidi: vichwa.

Nilikuwa na kanuni. Kichwa cha menyu ni jina la mahali. Kilicho chini yake ni agizo. Mtu aingie kwanza chumbani, ndipo aambiwe afanye nini humo. Kwa hiyo vichwa vyangu vikawa nomino tupu: Wanachama, Maziwa, Mifugo, Ripoti. Chini ya Wanachama niliweka Sajili mwanachama, Badilisha nambari ya simu, Hamisha uanachama, na kipengele kimoja nilichokipenda, Weka kama hayupo kwa muda. Hicho kiliombwa na ofisi kuu kwa ajili ya wakimbiaji. Sehemu hii ina wanachama wengi ambao ni wanariadha. Huondoka miezi mitatu au minne kwenda kambini au kwenye mashindano nje ya nchi, na ofisi haikutaka nambari zao ziguswe na mtu yeyote wakiwa mbali.

Yalibaki mambo yanayokoma. Niliyakuta yametawanyika, hili chini ya Mifugo, lile chini ya Wanachama, na mtawanyiko huo ulinikera. Nikayakusanya yote chini ya kichwa cha tano, nikakiita Kufuta. Orodha yake ilikuwa hivi: Futa ng'ombe aliyeuzwa. Futa ng'ombe aliyekufa. Futa mwanachama aliyehama. Futa mwanachama aliyefariki.

Nakumbuka nilivyojipongeza. Nilikuwa nimemwachia ng'ombe kufa na mwanadamu kufariki, na nikadhani kwamba kwa tofauti hiyo ya neno moja nimekwisha kutoa heshima yote iliyodaiwa. Yule mbunifu wa programu alisoma orodha, akasema iko sawa, akaiingiza. Vishikwambi vikagawiwa vituoni.

Miezi ilipita. Mvua ndefu zilipoanza, mbunifu alinipigia simu asubuhi. Kuna mwanamke Sugoi, alisema, anadai programu imechezewa. Anasema kuna mtu amezima kipengele chake. Ameandika barua kwa ofisi kuu, kurasa nne, kwa Kiswahili kilichonyooka, na meneja ameagiza sisi wawili twende.

"Mimi wa nini?"

"Barua inasema aletwe pia aliyeandika maneno."

Njiani, katika gari lake dogo, alinieleza kilichojulikana. Mwanamke huyo alikuwa mjane. Mumewe, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Uanachama ni nambari moja kwa boma moja, boma lenye nambari ndilo huleta maziwa kituoni, na mwenye nambari ndiye huinua mkono mkutanoni. Mjane alitaka nambari ihamishiwe kwake. Kila akienda kituoni aliambiwa kwamba kipengele cha Hamisha uanachama ni cha kijivu, hakifunguki. Na sasa chama kilikuwa kimetangaza kwamba Ijumaa ya wiki hiyo sajili ya zamani ingefungwa, na nambari yoyote ambayo mwenyewe hakufika kuithibitisha kwa mkono wake ingerudi kwa kamati ya kijiji ili ipewe mtu mwingine anayengoja. Ilikuwa Jumatano.

"Na kamati ya kijiji ni nani?" nikauliza.

"Mwenyekiti wake ni ndugu ya marehemu."

"Shemeji yake."

"Ehe. Na ana kijana ambaye ametoka kuoa, anatafuta nambari."

Lami ikaisha, tukaingia kwenye matope. Nilikuwa nimekwisha kuwa na maoni yangu, nami sikuyasema. Nilimtazama pia mbunifu kwa pembe ya jicho, nikijiuliza ni nani mwenye uwezo wa kuzima neno akiwa mbali, na kama kuna mtu aliyemwomba.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye paa la mabati, na mbele yake ukumbi wa saruji uliolowa maziwa na mvua. Wafugaji wa asubuhi walikuwa wamekwisha kuondoka. Walibaki watu wawili. Karani, mwanamume wa makamo mwenye koti la mpira, alikuwa akiosha mitungi. Mjane alikuwa ameketi kwenye benchi, sweta limefungwa hadi shingoni, mkoba magotini. Alikuwa amefundisha watoto wa chekechea maisha yake yote, na alitutazama tukishuka garini kama anayehesabu wanafunzi.

"Ni nani aliandika maneno?" akauliza.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe kwenu ni wapi?"

"Kapsoya."

"Hapana. Kwenu kwenu."

Swali hilo nimeulizwa miaka yote niliyoishi katika mji huu, na kwa kawaida huwa nalisikia likifunga mlango. Nikamweleza kwamba wazazi wangu walikuja kutoka katikati ya nchi, wakafungua duka, nami nikazaliwa hapa.

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi huna ukoo na mtu yeyote hapa. Vizuri. Keti."

Akatoa mkobani daftari la shule la jalada la bluu, akalifungua, akanipa. Alikuwa amepiga mistari ya wima kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya tarehe, ya pili ya rangi, ya tatu ya watu waliokuwapo kituoni. Kila asubuhi kwa muda wa wiki saba, baada ya kupima maziwa, alikuwa amemwomba karani amwonyeshe skrini, na kila asubuhi aliandika alichoona. Kijivu. Kijivu. Kijivu. Kijivu, shemeji alikuwa hapa akinywa chai. Kijivu. Jumanne moja alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: cha jirani kilikuwa cheusi.

"Jirani yupi?" nikauliza.

"Mzee mmoja huko chini, alimhamishia kijana wake. Mimi nilisimama hapa hapa nikaona. Chake kiliwaka, wakamaliza dakika mbili. Changu kimezimwa. Sasa wewe uliyeandika, niambie ni nani amekizima."

"Mama, hakuna mtu amezima," alisema karani bila kugeuka kutoka kwenye mitungi yake.

"Wewe nyamaza kwanza. Nimekusikia tangu Machi."

Nimeshika mikononi hati nyingi ambazo waandishi wake walikuwa wazembe kuliko mwanamke huyu. Daftari lile lilikuwa na utaratibu, tarehe kamili, na mashahidi. Ndiyo sababu nililiamini zaidi ya lilivyostahili. Lilithibitisha kwamba neno lilikuwa la kijivu. Mimi nililisoma kana kwamba linathibitisha ni nani aliyelipaka rangi hiyo.

Nikamgeukia mbunifu. "Nani anaweza kukizima?"

"Hakuna mtu. Ni kanuni tu, inajizima na kujiwasha."

Jibu likaja upesi, kama kawaida yake, nami nikalipokea kwa shaka, kama kawaida yangu. "Kanuni ipi?"

"Hamisha inafunguka kwa njia mbili. Mwenye nambari awe hai na aidhinishe mwenyewe, kama yule mzee wa huko chini. Ama awe amewekwa kama amefariki. Moja kati ya hizo."

"Na mume wake amewekwa kama nini?"

Sote tukamtazama karani. Alikausha mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, kwa muda mrefu usio wa lazima. Kisha akaleta kishikwambi, akakishika kwa namna ambayo mimi na mjane hatukuweza kuona. Niliiona hiyo namna. Niliiweka akilini.

"Barua ya chifu alikuletea?" nikamuuliza.

"Alileta."

"Na kibali cha mazishi?"

"Alileta. Viko kwenye droo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile tulizika."

Miezi minne karatasi zilikuwa kwenye droo. Nikamwambia karani, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa wanafunzi walionakili kazi ya wenzao, atuonyeshe skrini. Akaigeuza.

Jina la marehemu lilikuwa mahali pake, na kando yake alama ndogo ya samawati niliyoitambua. Mbunifu aliinama karibu. "Lakini huyu amewekwa hayupo kwa muda," akasema. "Hii ni ya wakimbiaji."

Kwa mujibu wa programu, mzee yule wa miaka sabini na kitu alikuwa kambini au ng'ambo, na angerudi. Na kwa kuwa angerudi, nambari yake ililindwa isiguswe na mtu.

"Umemweka mume wangu na wakimbiaji," alisema mjane. Hakupaza sauti. "Ili ionekane anarudi. Na Ijumaa asirudi. Umeambiwa na nani?"

"Mama, sikuambiwa na mtu."

"Umeambiwa na nani?"

Karani aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Alianza kuzungumza na mimi, si na mjane, nadhani kwa sababu hakuweza kumtazama.

"Mwalimu, mimi nilitaka kufanya. Nilifungua. Nikatafuta pale kwa wanachama, hakuna mahali pa kuandika mtu amekufa. Nikatafuta kwa ripoti, hakuna. Nikaona huku mwisho, Kufuta. Nikaingia. Nikakuta ng'ombe aliyeuzwa, ng'ombe aliyekufa, halafu yeye." Akanyoosha kidole, kisha akakikunja. "Huyo mzee ndiye alinipeleka shule. Ndiye alisema nipewe hii kazi. Wiki haijaisha tangu tumzike. Sasa mimi niweke kidole hapo, nimfute, na ng'ombe? Sikuweza. Nikaona kule juu kuna hayupo. Nikasema hiyo ni afadhali. Hiyo inamwacha kwenye orodha."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati. Nilikuwa nikiitazama orodha yangu, ile ile niliyoipanga kwa kujipongeza, na kwa mara ya kwanza niliisoma kama inavyosomwa na mtu aliyesimama ukumbini na barua ya kifo mkononi. Haikuwa na kosa hata moja. Ilikuwa tu haiwezekani kutumiwa na mtu mwenye adabu.

"Hayo maneno ni yangu," nikasema. "Si yake."

"Nimesikia," alisema mjane. "Na hadithi ni nzuri. Lakini bado nauliza. Ulimuuliza mtu kabla ya kumweka na wakimbiaji?"

Karani alisita. "Nilimuuliza mwenyekiti. Kama ni sawa."

"Shemeji."

"Ehe."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Si kweli hayupo?'"

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo. Yanaweza kuwa ya mtu aliyefiwa na ndugu, ambaye hataki kuzungumza zaidi, akamruhusu karani afanye lisiloumiza. Yanaweza pia kuwa ya mtu anayejua vizuri sajili inafungwa lini. Kwa maandishi ningetafuta nakala ya pili, nilinganishe. Hapakuwa na nakala ya pili.

Mbunifu aliniambia kando kwamba anaweza kubadilisha kichwa, lakini badiliko la menyu lazima lipitishwe na ofisi kuu na vituo vyote, na halitakuwa tayari kabla ya Ijumaa. Kilichopo ndicho kilichopo. Anayetaka kipengele cha kijivu kiwe cheusi, lazima apitie chini ya Kufuta.

Karani alisikia. Akasimama, akaingiza nambari yake ya siri, akafika hadi kwenye orodha, na hapo mkono wake ukasimama hewani. "Siwezi," akasema. "Mama, nisamehe. Mtu mwingine."

"Mwingine hana ruhusa?" mjane akamuuliza mbunifu.

"Ikishafunguliwa kwa nambari yake, kidole ni kidole tu."

"Leta."

Akakiweka kishikwambi magotini, juu ya mkoba. Akagusa neno la mwisho katika orodha. Skrini ikageuka, na likatokea swali nililoliandika mimi mwenyewe, alasiri moja, nikiwa na chai mezani, nikitafuta ufupi. Alilisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama aliyezoea kuwasomea watoto: "Una hakika unataka kumfuta mwanachama huyu? Kitendo hiki hakiwezi kutenguliwa."

Akatungoja, kana kwamba mmoja wetu alikuwa na la kuongeza. Kisha akagusa Ndiyo. Kidole kilikuwa na unyevu wa maziwa na mvua, skrini haikusikia. Ikambidi akipanguse kwenye sweta, aguse tena.

Jina likaondoka kwenye orodha, na majina ya chini yakapanda kuijaza nafasi. Karani akachukua kishikwambi kwa mikono miwili, akarudi chini ya kichwa cha Wanachama. Nambari ilikuwa imebaki bila jina, na Hamisha uanachama kilikuwa cheusi. Ilichukua, kama alivyosema mjane, dakika mbili. Alidai achapishiwe karatasi yenye jina lake na nambari, akaikagua herufi kwa herufi, akamrudishia karani kwa sababu ya herufi moja iliyokosekana katika jina lake la pili, akangoja nyingine.

Hakutushukuru, na sioni kwa nini angefanya hivyo. Nilipokuwa nikiingia garini alinifuata hadi mlangoni.

"Lile swali la mwisho, ni lako pia?"

"Ni langu, Mama."

"Ungejua ni mimi nitalisoma, ungeliandika hivyo?"

"Nisingeandika hivyo."

"Sasa umejua," akasema, akarudi chini ya paa.

Tulirudi Eldoret, na wiki iliyofuata mimi na mbunifu tulikivunja kichwa cha Kufuta. Safari hii sikumshuku, au nilimshuku kidogo tu. Ng'ombe walirudi chini ya Mifugo. Chini ya Wanachama niliandika Andika kifo cha mwanachama, na tukakubaliana kwamba kifo kikiandikwa, jina lisiondoke. Libaki mahali pake kwenye orodha, na mwaka wa kifo kando yake. Kuhusu vipengele vya kijivu, yeye mwenyewe ndiye alipata nafasi aliyoniambia haipo. Alipunguza ukubwa wa herufi za chini, na chini ya kila neno lililofifia ukaingia mstari mmoja mfupi wa sababu. Chini ya Hamisha uanachama niliandika: Itafunguka kifo kikishaandikwa, au mwenye nambari akiidhinisha. Niliona ni sentensi nzuri. Nilipaswa kuwa nimejifunza kuogopa sentensi zinazonipendeza.

Ofisi kuu ilitaka kila kituo kiikubali menyu mpya katika mkutano wa wanachama. Wa Sugoi ulifanyika Jumamosi katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wakiwa wamejikunja katika madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kamati, shemeji wa mjane, aliketi mbele. Nilikuwa sijamwona kabla. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya sufu, aliyenisalimu kwa mikono miwili, na upole huo sikujua niuweke wapi. Mjane aliketi safu ya pili, karibu na dirisha. Ulikuwa mkutano wake wa kwanza akiwa na nambari.

Nilisoma vichwa vipya, kisha vipengele, kisha mistari ya sababu. Watu waliitikia. Nilipofika kwenye mstari wa Hamisha uanachama, mjane aliinua mkono.

"Kifo kikishaandikwa," akasema. "Na nani?"

"Samahani, Mama?"

"Umesema kikishaandikwa. Hujasema kinaandikwa na nani. Mimi nikisoma hapo nitajua ni kwa nini kimefungwa. Sitajua nimshike nani."

Baadhi ya watu walitabasamu. Mwenyekiti akasema kwa utulivu, "Mwalimu, weka tu 'ofisi'. Kikishaandikwa na ofisi. Inatosha."

"Ofisi ni nani?" mjane akamuuliza, akimtazama moja kwa moja. "Mimi nilienda kwa ofisi wiki saba. Ofisi ilikuwa inakunywa chai."

Darasa zima likacheka, na karani, aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa. Mwenyekiti naye alicheka, lakini alianza kucheka akiwa amechelewa kidogo, nami nilikuwa nikimwangalia.

"Basi aseme mwenyewe anataka nini," akasema.

"Karani wa kituo. Iandikwe hivyo. Na siku ngapi, tangu barua ipokelewe. Siku saba. Zikipita, hiyo rangi ya kijivu iondoke, iwe nyekundu, na ofisi kuu waione."

Mbunifu, aliyekuwa kando yangu, alikuwa ameshaanza kuandika. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama jambo hilo linawezekana. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alifikiri kwanza. "Linawezekana," akasema. "Sikuwahi kufikiria."

Likapigiwa kura. Mikono iliinuka kuanzia nyuma, mmoja baada ya mwingine. Mjane, mkono wake ukiwa juu, aligeuka kwenye dawati lake na kuihesabu yote mwenyewe kwa midomo, bila kumngoja karani, hadi alipofika mbele. Mkono wa shemeji yake ulikuwa umeinuka pia. Shemeji huyo nilikuwa nimemtazama mkutano mzima, ila wakati huo mmoja nilikuwa nikimtazama mjane. Kwa hiyo siwezi kusema kama uliinuka kabla hajageuka, au baada.